Mheshimiwa, tuondolee kile kifusi kwenye gati la feri ya zamani

Kwako Mheshimiwa wa mambo ya barabara (jina silitaji, mwenyewe wajijua, na waliokuwa chini ya mwembe siku ile wakujua pia),

Salamu sana. Natumai u mzima na lile gari jipya nalo ni zima. Sisi huku Mnarani tupo, twala vumbi.

Naandika hadharani kwa sababu ofisini kwako nimekuja mara nne, kila nikija naambiwa uko mkutanoni, mkutano gani huo usioisha mimi sijui. Sasa Jumanne asubuhi lori tatu zimeshuka ile njia ya zamani mpaka chini majini zikamwaga mchanga na mawe juu ya gati la feri, pale pale kwenye ule mteremko wa saruji magari yalikokuwa yakisubiri kuvuka kwenda Kilifi. Najua manake nilikuwa nimesimama hapo na wageni watano, bei tumekubaliana, nishaanza kuwahadithia. Mmoja ni bibi mzee aliyevuka hapo akiwa mtoto, babake akiendesha, na amekuja na kipicha cha rangi nyeusi na nyeupe, gari limesimama kwenye huo huo mteremko, milango wazi yote minne kwa joto. Akatazama picha, akatazama rundo la mchanga, akanitazama mimi. Wallahi niliona haya kama ndimi niliyeleta lori. Nusu ya pesa nikawarudishia, na hiyo nusu iliyobaki ililipa deni la unga.

Mheshimiwa, labda hujui umefukia nini, si kosa lako, wewe wapita juu ya daraja na vioo umefunga. Hii barabara ya Mombasa kwenda Malindi ni kama kilomita 120 tu lakini zamani ilikuwa na maji matatu ya kuvuka. Nyali pakawekwa daraja la kuelea 1931, ukipita walipa. Mtwapa kulikuwa na feri ya kuvutwa kwa mnyororo, kwa mikono ya watu, na babu yangu alikuwa mmoja wao. Walikuwa wakivuta huku wakiimba, na nyimbo zenyewe walitunga hapo hapo kumtazama abiria, akitoa bahashishi asifiwa, akiwa mchoyo atukanwa mpaka tumbo lake, naye mzungu hajui Kiswahili apiga makofi kwa furaha. Babu alikuwa akifika hapo acheka mpaka akohoa. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kisigino, nimevishika mwenyewe.

Halafu ndiyo waja kwetu, Kilifi. Hizo hoteli za Malindi za miaka ya 1930 zilijaaje, unadhani? Ni masetla, wale wazungu wenye mashamba huko bara, na familia zao, wamefunga masanduku nyuma ya gari, wameshuka pwani likizo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, naye alifika Malindi 1934 kuvua samaki, na watu wa Malindi hawatakuacha usahau. Wengine walisimama Gede kutazama magofu. Lakini hapakuwa na gari la kwenda Malindi kwa njia hii bila kungoja feri, na kwenye foleni ndiko riziki ilikokuwa. Mama yangu aliuza korosho hapo, amezifunga kwenye karatasi, na maembe msimu ukifika. Karo ya shule yangu imetoka kwenye hiyo foleni.

Na usije ukasema mimi napinga maendeleo. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa 1991 kwa msaada wa Wajapani mama alishangilia na kulia siku moja, alishangilia kwa sababu mgonjwa hangelala tena ng'ambo akingoja feri, akalia manake alijua korosho zimekwisha. Hatukudai fidia. Hata kiti cha plastiki hatukupewa.

Sasa nikukumbushe. Ulikuja ukakaa chini ya mwembe, ukasema kwa kinywa chako gati litahifadhiwa, kibao kitawekwa, vijana watapewa kazi ya kutembeza wageni. Ukaandika kwenye kidaftari. Ukaniita hata "balozi wa utalii", watu wakapiga makofi, nami kwa ujinga wangu nikachukua mkopo wa chama nikajenga kibanda cha makuti nikanunua viti sita. Balozi leo adaiwa na chama, goti linamuuma, na ubalozi wake una rundo la mchanga mlangoni.

Kwani ni nani anayekitaka kile kipande cha ardhi? Mimi sijui, nakisia tu. Wengine wasema ni mambo ya kupanua barabara, lakini barabara iko kule juu, mchanga uko huku chini majini, sasa huo upanuzi waenda kwa samaki? Wengine wasema kuna mtu ana karatasi. Kama ana karatasi aje tuisome sote.

Wapita Kengeleni kila siku ukienda Mombasa, si ndiyo? Paitwa Kengeleni kwa sababu kengele ya Frere Town, kile kijiji cha watumwa walioachwa huru, ingali pale, mtoto akiuliza aonyeshwa. Mimi nikiulizwa feri ilikuwa wapi nionyeshe nini, kifusi?

Nilitaka kudai mengi, kibao, kazi za vijana, choo cha wageni, nimefuta yote. Kibao nitaandika mwenyewe kwa rangi. Ondoa kifusi tu. Lori tatu zilizoleta ndizo hizo hizo zichukue, asubuhi moja yatosha. Yule bibi yuko hapa mpaka Jumapili, nimemwambia arudi Jumamosi. Ondoa kifusi, Mheshimiwa.

Ni mimi, muuza madafu wa Mnarani.

Yale madafu mawili uliyokunywa siku ile chini ya mwembe bado hayajalipwa. Sidai, nakukumbusha tu.