Chukudu ina sanamu yake, mti je?

Bwana Mhariri, jambo sana. Mimi msomaji wenu wa hapa Goma, naomba kanafasi niseme juu ya sanamu.

Mgeni yeyote akifika kwetu lazima apige picha pale Chukudu, ile sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na mimi naipenda sana juu ni jasho la baba zetu na kaka zetu, watu waliosomesha watoto kwa kusukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Lakini angalia chukudu za kweli zinazoshuka toka Kibumba. Viazi, kabichi, na magunia ya makala, yaani mkaa, na makala mengi yanayopikiwa huku mjini yanatoka kwa miti ya Parki ya Virunga, ile hifadhi ya msitu jirani yetu.

Simlaumu anayesukuma wala mama anayeuza kidogokidogo sokoni, hata kwangu mbabula, jiko la makala, inawaka kila jioni, na watu waliokimbia vita walipaswa kupikia nini? Kinachoniuma ni kwamba gunia linaficha mti. Ukinunua unaona gunia tu. Hata mwenye uwezo wa kulipa umeme wa maji wa kituo cha Matebe anaendelea na makala, juu hajawahi kuona kilichoanguka.

Mwaka 2009 msanii Angela Palmer alichukua visiki kumi vya msitu wa Ghana, vikubwa, vingine na mizizi yake, akavilaza Trafalgar Square kule London, baadaye akavipeleka Copenhagen wakati wa mkutano wa tabianchi. Hakuchonga sura ya mtu wala mnyama, visiki vyenyewe vilitosha. Nikiangalia picha zake roho inaniuma, kwamba kisiki cha Afrika kimesafirishwa mpaka Ulaya ndio watu wakiguse na kushangaa, na sisi wenye msitu hapa juu yetu, watoto wetu wanakua wanajua gunia tu.

Na hii habari ya makala ina damu ndani yake. Julai 2007 gorila walipigwa risasi ndani ya parki, kati yao dume mkubwa Senkwekwe, miili ikaachwa palepale, hawakuuawa kwa ajili ya nyama, na vidole vilielekezwa kwa biashara ya makala. Nakumbuka ile picha yake amebebwa kwenye machela ya miti na wanaume wengi, kama mzee wa kijiji anayepelekwa kuzikwa. Sisi tulimwekea alama gani hapa mjini?

Ombi langu kwa viongozi wa mji na mafundi wetu ni hili: tuchonge kisiki kikubwa kwa mawe ya volkano, yale ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002 bado tunajengea nyumba mpaka leo, na gunia moja limeegemea mizizi yake. Volkano hatukuiwasha sisi, miti tunaikata sisi, kwa hiyo hilo jiwe litasema vizuri kosa la kwetu ni lipi. Kisipakwe dhahabu jamani, kibaki cheusi. Na kisiwekwe mbele ya hoteli, kiwekwe barabara ya Rutshuru, pale chukudu zinaingilia mjini asubuhi, ili mnunuzi akikutana na gunia aone na kisiki chake hapo hapo.

Msomaji wenu, Goma