Mama mdogo, usiniulize nani ana mkono mwepesi

Mama mdogo, shikamoo.

Juzi ulinipigia ukaniuliza kitu kimoja tu: kati ya madaktari wanaopasua mgongo hapa Dar, nani ana mkono mwepesi? Nikasema nitakupigia, sikupiga. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali hilohilo ameniuliza jirani, ameniuliza mke wa fundi wetu, na hata dereva wa bajaji aliyeniona nashuka huku nimeshika kiuno. Jina lako silitaji. La daktari wangu pia silitaji, maana nikilitaja utalishika hilo na kuyaacha mengine yote.

Unakumbuka mwaka juzi kandambili zilivyokuwa zinanivuka? Natoka bafuni na moja, ya kushoto imebaki mlangoni, na mimi sina habari. Ulicheka ukasema nazeeka. Kumbe mguu ulikuwa unakufa taratibu.

Hospitali ya kwanza niliyokwenda, daktari aliinua picha ya MRI kwenye mwanga, akaguna, akasema Ijumaa tunapasua. Mguu hakuugusa. Sikuvua hata soksi. Nilitoka pale na karatasi ya gharama mkononi, nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Wa pili aliiacha picha ndani ya bahasha. Akaniambia nitembee kwa ncha za vidole, nikaweza. Nitembee kwa visigino, unyayo wa kushoto ukawa unapiga sakafu pap, pap. Akanilaza, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, akagonga magoti kwa nyundo yake ya mpira, akabonyeza kidole gumba cha mguu akaniambia, "Kinyanyue, nishinde." Hakikunyanyuka. Hapo ndipo akasema tatizo atalikuta kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, akafungua bahasha, na kweli lilikuwa hapo.

Wewe una miaka 52, kwa hiyo hili lisikilize vizuri. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa. Kwa wenye miaka 50, asilimia 80 walikuwa na diski, yaani zile pedi laini kati ya pingili, zilizochakaa, na asilimia 60 diski zao zilikuwa zimefutuka. Watu wazima wa afya, wanabeba ndoo, wanacheza ngoma! Ukiwapiga picha akina mama wote wa Kariakoo wanaouza vitenge kama wewe, utapata wa kupasua hadi mwakani. Picha bila mguu haisemi kitu.

Nilimuuliza pia amesomea wapi. Niliona haya, kwetu kumuuliza daktari shule yake ni kama kumkosea adabu, lakini hakununa. Udaktari miaka mitano Muhimbili, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, miaka kadhaa hospitali ya wilaya ambako alikuwa anazalisha na kufunga mivunjiko, ndipo akarudi kusomea ubingwa, na mgongo ukaja juu ya ubingwa. Wapo wanaofikia upasuaji wa mgongo kupitia ubingwa wa mifupa na wapo wanaopitia ule wa ubongo na mishipa ya fahamu. MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ina idara za pande zote mbili. Mimi sijali alipita mlango upi. Nilitaka kujua upasuaji kama wangu ameshaufanya mara ngapi, na nisipopasuliwa itakuwaje.

Hilo la pili ndilo nakuomba ulibebe. Alinijibu kwamba maumivu yenyewe yangeweza kupoa kwa muda, watu wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi miezi mitatu bila kisu. Ila mshipa wa fahamu uliokwisha kudhoofika ukiendelea kubanwa na diski, nguvu inaweza isirudi. Akaongeza, "Napasua kwa ajili ya mguu. Mgongo unaweza ukaendelea kukuuma." Na kweli, mgongo unaniuma hadi leo nikikaa sana. Kandambili hazinivuki. Sina cha kumdai.

Kwenye benchi la kliniki nilikaa na kijana wa Chanika aliyeanguka kwenye mnazi. Amewekewa vyuma, na hatembei. Anamsifu daktari yuleyule kuliko mimi ninavyomsifu! Nilishangaa, akaniambia, "Aliniambia mapema, hii ni ya kunikalisha, siyo ya kunitembeza. Sasa nakaa." Pembeni yake mama mmoja, aliyepasuliwa kwingine, anatembea vizuri tu ila unyayo una ganzi, na ana hasira ya kupasua jiwe. Hakuambiwa kwamba ganzi huwa ya mwisho kuondoka, na mara nyingine haiondoki. Ukisikiliza sifa bila kuuliza mtu aliahidiwa nini, utamkosea huyo daktari mwenyewe na utajipotosha wewe.

Kuhusu kupooza, najua ndiko roho yako iliko. Uti wa mgongo wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni nyuzi za mishipa zinaning'inia, madaktari huziita mkia wa farasi. Mahali pako pa kuuma ni chini huko. Sisemi hakuna hatari: kidonda kinaweza kupata maambukizi, maji ya uti yanaweza kuvuja, diski inaweza kurudia. Yote haya anapaswa akuambie kabla hujatia sahihi ile fomu.

Wewe una wiki tano, maumivu yanashuka mguuni, na nguvu ya mguu unayo. Nilikujaribu siku ya arobaini ya babu bila kukuambia, nilipokuomba unifungie dirisha kwa ncha za vidole, nikakutania urudi kwa visigino. Kwa hiyo Ijumaa ya mtu yeyote isikutishe. Lakini ukihisi ganzi pale unapokalia, au mkojo ukagoma, au miguu yote miwili ikalegea, usinisubiri mimi wala asubuhi. Ni hospitali usiku huohuo. Ukianza homa za jioni na kukonda, sema pia. Kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili, na wengi hupona kwa dawa. Na yule mkandaji wa Mbagala mwambie asikukanyage mgongo tena, hata kama hachukui hela.

Jumatano nitakupitia saa kumi na mbili alfajiri. Tutapanda mwendokasi, tushuke kituo cha Fire, tumalizie na bajaji. Picha usiikunje, na usiiweke chini ya godoro kama ile ya mwaka jana. Vaa kandambili.