Jenereta Situmi: Barua kwa Dada Mwanahawa

Berlin, Januari

Dada Mwanahawa,

Shikamoo, na assalaam alaykum nyote hapo Ngamiani, Tanga. Mama mpe shikamoo yangu mara mbili, maana Jumapili sauti yake ilikuwa chini mno.

Ujumbe wa Kaka Omari kuhusu pesa ya jenereta nimeupata. Jenereta situmi. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika, kisha umsomee na yeye.

Insulini ya Mama, dawa yake ya kisukari, haikuharibiwa na umeme kukatika. Picha uliyonitumia inaonyesha vipande vyeupe vimeganda ubavuni mwa kichupa. Dawa hiyo ilishikwa na barafu. Friji ile niliinunua kwa jasho langu, kwa ajili ya dawa ya Mama, na sasa nasikia imewekwa baridi ya mwisho ili barafu za wifi za kuuza zishike upesi, na kichupa kikawekwa juu kabisa, chini ya friza. Biashara ya wifi siikatai, watoto wanasoma kwayo. Lakini insulini ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka na kuonekana safi, itupwe. Ndiyo sababu sukari ilipanda siku nne mfululizo huku mkimshutumu Mama kuwa anakula mahamri kwa siri. Mwombeni radhi.

Dada, wodini kwetu hapa kuna wazee waliokimbia vita Ukraine. Kwao mitambo ya umeme inapigwa makombora tangu Oktoba 2022, na majira haya baridi inashuka chini ya sifuri. Mgonjwa wa sukari huko akitoka nyumbani huweka kichupa kifuani, ndani ya nguo, kwa sababu mfuko wa koti la nje unagandisha. Watu wanailinda dawa kwa joto la miili yao, na sisi, Tanga hiyo yenye jua mwaka mzima, tumeigandisha kwa mikono yetu. Hilo limeniuma kuliko pesa.

Sasa fanyeni hivi. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vikae friji, rafu ya katikati, visiguse ukuta wa nyuma. Baridi iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Kinachotumika si lazima kikae friji. Andikeni tarehe ya kukifungua, na baada ya wiki 4 kitupwe hata kama kimebaki nusu. Umeme ukikatika, tumieni mtungi wa Bibi ulioko uani. Ingizeni ndani yake chungu kidogo kisichopakwa rangi, jazeni mchanga katikati, unene wa vidole viwili pande zote, na muumwagie maji mchanga asubuhi na jioni. Kichupa kiwe ndani ya kopo lenye kifuniko, lisiingie maji. Funikeni kwa kitambaa kibichi, kivulini, penye upepo. Maji yanapokauka ndiyo yanapoza, kwa hiyo msitarajie baridi ya friji, na wakati wa masika hewa yetu ina unyevu mwingi, mtungi hautapoa sana. Msiogope. Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walilipima jambo hili kwa joto la kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya, wanakoishi Wasomali waliokimbia vita vyao. Majibu yalitoka 2021: insulini ilikaa wiki 4 katika nyuzi 25 hadi 37, na nguvu yake ikabaki.

Hiyo insulini ya Mama yenye rangi ya maziwa, Salma anayemchoma sindano asiitikise. Aiviringishe polepole kati ya viganja mpaka ichanganyike iwe rangi moja. Sehemu ya kuchoma ibadilishwe kila mara. Pakichomwa palepale panakuwa na uvimbe, na dawa haiingii vizuri. Chakula kiwe tayari kabla ya sindano. Kiasi cha dawa kilichopangwa na kliniki msikibadilishe.

Mashine ya kupimia sukari niliyotuma inasoma namba za huku. Gawanyeni kwa 18 mpate za kliniki: 126 ni 7, kwa hiyo Kaka hakuwa na haja ya kukodi gari usiku ule. Ikisoma chini ya 70, sukari vijiko 3 vya chai katika nusu glasi ya maji, mngoje dakika 15, mpime tena, kisha ale. Akizimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Na miguu! Kila jioni tazameni nyayo na katikati ya vidole, kausheni, wala asichovye maji ya moto. Ganzi inamficha kuungua.

Cheti changu cha uuguzi kimetambuliwa rasmi na Wajerumani. Mjomba Athumani, aliyesema nitaishia kuosha vyombo, aelezwe.

Nimetuma laki mbili: vijiti vya kupimia, vichupa viwili vipya, na unga. Najua unga wa ngano ulivyopanda vita vya Ukraine vilipoanza. Lakini Mama yuko kitandani pake, ana Salma wa kumchoma sindano na wewe wa kumkausha miguu. Alhamdulillahi, Dada. Wazee wa hapa wananiuliza kila siku kama nyumba zao bado zimesimama.

Mtungi ukiwa tayari nipigie picha. Usiufukize ubani, utanifanya nilie.

Wasalaam,
mdogo wako, Hemedi