Mti wa mita 40 haukuwa umejificha

Mhariri,

Habari yenu kuhusu spishi mpya za mimea jamii ya mikunde ilinifurahisha, ila neno moja limenikera: "zimegunduliwa".

Mwaka 2017 wataalamu wa mimea waliupa jina la kisayansi mti wa Dinizia jueirana-facao, unaoota katika jimbo la Espírito Santo, Brazili. Hufikia mita 40, na uzito wake hukadiriwa hadi tani 62. Mti wa aina hiyo utajificha wapi? Wenyeji walikwisha kuuita jueirana-facão, kwa kuwa ganda lake, refu karibu nusu mita, linafanana na ala ya panga. Wataalamu wakalichukua jina hilohilo. Walichofanya ni kuutenganisha na ndugu yake wa Amazoni, Dinizia excelsa, aliyekuwa peke yake katika jenasi hiyo, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu.

Kutenganisha huko ndiko magazeti hukuruka, nami ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ua lililokauka miaka mingi hulilainisha kwa maji ya moto, kisha nikalifungua kwa sindano chini ya hadubini. Likiwa la kundi la maharage, nakuta petali ya bendera, mabawa mawili, na mbili za chini zilizoshikana kama mkuku wa jahazi. Ndani yake mara nyingi mna stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, kumi: tisa zimeungana, moja imejitenga. Kinachochelewesha zaidi ni tawi kuja na maua bila maganda, au maganda bila maua. Hapo tunasubiri msimu mwingine, pengine miaka.

Hata mpangilio wa familia yenyewe ya mikunde hubadilika. Mwaka huohuo wa 2017, nusufamilia tatu za zamani zilipangwa upya zikawa sita, na kundi la mimosa likaingizwa ndani ya mojawapo, Caesalpinioideae.

Kanuni za kimataifa zinataka maelezo ya spishi mpya yaandikwe kwa Kilatini au Kiingereza, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anawategemea ninyi. Tafadhali andikeni kwamba mmea "umeelezwa na kupewa jina". Tajeni pia wenyeji wanauitaje, na imebaki mingapi. Miti ya jueirana-facão iliyojulikana ulipopewa jina haikufika 30.

Mpangaji wa sampuli za mimea