Barua kwa mwanangu: ile laini ya 240 usiifute

Mwanangu,

Nakuandikia niko dukani, mvua imefukuza wateja, nikaona heri nichape kwa simu hivi hivi kuliko kungoja jioni, manake jioni nikianza kusema wewe wanijibu "sawa baba" kabla sijafika popote, na mamako naye aingilia na mambo ya sweta, basi maneno yote yaishia hapo. Jumapili unaondoka kwenda Wilson, ule uwanja wa ndege wa Nairobi, kusomea urubani. Baridi ya Nairobi na wezi wa simu hayo mamako atakwambia mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu na nitalirudia, univumilie.

Jumatano usiku ulipokuwa unashuka Nairobi na ile Boeing 737-800 yako ya kwenye kompyuta nilikuwa nyuma yako kwa kile kiti cha plastiki, wewe ukadhani nasinzia. Sikuwa nasinzia. Nilikuona umefungua ukurasa wa DES, ule wa kushuka kwenye kompyuta ya ndege, umeandika spidi ya kushuka 310, halafu ukabonyeza DELETE na kile kitufe cha pembeni pale penye 240/10000, yaani chini ya futi 10,000 usizidi noti 240 (noti ni maili za baharini kwa saa), laini ikaondoka vikabaki vistari, taa ya EXEC, kitufe cha kuthibitisha, ikawaka, ukaibonyeza bila hata kupumua. Wenzako wa mtandaoni walikuwa wanakuharakisha kwa hedifoni. Ukapita futi 10,000 na noti 310, nikakuuliza mbona hivyo, ukanijibu "baba leo hakuna kontrola wa kuongoza ndege hewani, nani ataniona?" Ukacheka. Mimi sikulala vizuri siku hiyo mpaka leo.

Najua ni simuleta. Usinieleze tena kwamba ni simuleta, na usiniambie huko Wilson mtaanza na Cessna 172 ambayo haina kompyuta ya namna hiyo na hata ukiisukuma vipi haifiki noti 250, hayo najua, nimesoma. Ninachohofia ni mkono. Mkono ukishazoea kufuta kitu kwa sababu hakuna anayetazama hautajua siku ambayo gemu imeisha. Miaka mingapi mpaka ukae kwenye jeti, sita, nane, sijui, lakini huo mkono utakuwa ni huu huu.

Na sisemi kwamba hujui kazi. Wewe ndo uliyenifundisha mimi, mzee wa watu, kwamba kwenye ukurasa wa LEGS, ule wa pointi za njia, namba za herufi kubwa ni amri na zile ndogo ni makadirio ya kompyuta tu. Mimi nilikuwa naziona zote sawa mpaka ukanikopesha miwani ya mamako. Nilikuona unaandika 230/8000B unaiweka mbele ya pointi, kwamba hapa upite kwa 230 na usiwe juu ya 8,000, na ndege ikafanya vile vile, nikamwambia jirani siku ya pili kijana wangu anaongea na kompyuta ya ndege na inamsikia. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Sikukwambia wewe kwa sababu, basi tu, sikukwambia.

Lakini ukiwa wajua ndo vibaya zaidi. Asiyejua akifuta tutasema amekosea kitufe.

Nimeenda nikaisoma hiyo sheria ya noti 250 chini ya futi 10,000 ilitoka wapi, manake wewe waiona kama usumbufu wa watu wa ofisini. Desemba 16, 1960, ndege mbili ziligongana juu ya New York, DC-8 ya United na Constellation ya TWA, wakafa watu 134, sita kati yao walikuwa chini hawana habari na ndege wala nini, moja iliangukia mtaani Brooklyn. Ile DC-8 ilikuwa inakaribia uwanja bado ina zaidi ya noti 300, na redio yake moja ya kuongozea njia ilikuwa mbovu, ikapitiliza mahali ilipoambiwa izunguke isubiri. Kuna mtoto wa miaka 11 alitolewa akiwa hai kwenye theluji, akafa siku ya pili yake. Mwaka uliofuata Marekani wakaweka sheria ya kwamba ukikaribia uwanja chini ya futi 10,000 usizidi 250, na siku hizi nchi nyingi zaitumia. Basi ile laini unayoifuta wewe kwa vidole viwili ilikuja kwa njia hiyo. Na kompyuta hata haikupi 250 kamili wakati wa kushuka, inakuandikia 240, wametoa noti 10 ukiteleza kidogo usije ukavuka. Mtu aliyefikiria hivyo alikuwa anakujali bila kukujua.

Halafu Nairobi sio Mombasa. Hapa kwetu uwanja uko kama futi 200 tu juu ya bahari, ukipita 10,000 bado una hewa nyingi chini yako. Nairobi uwanja uko futi 5,330, kwa hiyo ile 10,000 unayoiona kwenye saa ya kimo ni kama 4,670 tu kutoka ardhini, na vilima vya Ngong vyafika kama 8,000. Na hewa ya kule nyepesi, saa ya spidi ikikuonyesha 140 wakati wa kutua wewe kwa kweli waenda zaidi ya 150. Wenyewe wanasema ndege ya namna hii ikiwa safi, haijatoa flapsi, vile vibawa vya nyuma ya bawa, inataka karibu maili moja ya baharini kupunguza kila noti 10 ukiwa umenyoosha, basi kutoka 310 mpaka 250 ni maili sita umezipoteza hapo hapo, na kushuka na kupunguza vyote kwa pamoja haitaki, nilikuona siku ile ile ujumbe wa DRAG REQUIRED, kwamba ndege yataka kuzuiwa, umetokea ukavuta spidibreki, ukafika juu sana, flapsi 10 haziruhusiwi zaidi ya 210 na wewe bado wangojea spidi ianguke. Ukatua ndio. Ranwei ya Nairobi ndefu, ina zaidi ya kilomita nne. Ungekuwa waja hapa kwetu au mahali pafupi zaidi ungetua?

Nilichukua kalkuleta ya duka. Nguvu ya mwendo yaenda kwa spidi mara spidi, hiyo ulinifundisha ukiwa fomu tatu ukitafuta mtu wa kumsomea. Kutoka 250 kwenda 310 nguvu yawa mara moja na nusu ya ile ya kwanza na zaidi kidogo. Nikapiga tena ya basi la abiria, kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100. Karibu ni ile ile. Nikaiweka kalkuleta chini nikatoka nje kidogo.

Wewe wajua niliacha kuendesha basi kwa sababu ya mgongo. Mgongo uliuma ndio, sijakudanganya. Lakini Februari 2004 sheria za barabarani za waziri Michuki zilipoanza na kila gari la abiria likafungwa spidi gavana, kifaa cha kuzuia gari lisizidi 80, kuna fundi alikuwa anazunguka gereji za Mombasa, mia tano tu, anakata waya mmoja, na tajiri anataka gari lifike mapema lipakie tena. Usiku kati ya Mariakani na Voi hakuna mtu. Mimi pia nilikuwa nasema nani ataniona. Karibu na Maungu kulikuwa na lori limezimika halina taa, breki nilishika, na gari lilisimama, lakini lilisimama mbele ya pale lilipotakiwa kusimama. Mama mmoja alivunjika mkono na mtoto wake akatoka jino. Kwenye karatasi niliandika gavana ilikuwa mbovu. Utingo alikuwa ajua na akanyamaza kwa sababu mimi ndo mkubwa. Hayo basi. Mamako ajua sehemu tu, usimuulize.

Ndo maana nasema, ukiruka na mtu wa pili siku moja, usiwe mtu ambaye mwenzake ananyamaza. Wenyewe kwenye jeti mmoja akiandika kitu kwenye kompyuta mwenzake anakiangalia kwanza, ndo EXEC inabonyezwa. Zoea sasa. Hata ukiwa peke yako chumbani sema kwa sauti, "nafuta 240, nimeruhusiwa na fulani", ukiona huna fulani wa kumtaja acha kidole. Manake sisemi isifutwe kabisa kabisa, kontrola akikwambia hakuna kizuizi cha spidi basi futa kwa raha zako, ndo maana kitufe kimewekwa. Na ukifuta ukumbuke kompyuta inapanga njia upya, ile pointi ya kuanzia kushuka yasogea, sio laini peke yake imeondoka. Na ukibonyeza LVL CHG, ile ya kushuka bila kufuata mpango wa kompyuta, au ukifungua dirisha la spidi kwa ile SPD INTV, usikae ukidhani bado kuna mtu wa kukushikia 240, hapo spidi ni ile uliyoweka wewe kwa mkono, na LVL CHG hata zile namba za LEGS haizitazami. Hii ya mwisho umeikosea mara mbili mbele yangu, sikusema kwa sababu wenzako walikuwa wasikia.

Pesa za skuli nimelipa nusu, nusu ya pili mwezi wa tisa. Ile minazi ya Msambweni nimeuza, na usianze kunihurumia, babu yako aliipanda ili iuzwe siku ya haja. Lakini nikikumbuka minazi halafu nikuone wafuta laini kwa sababu ya wenzako wa mtandaoni wana haraka, roho yaniuma, nakwambia ukweli. Wale wenzako hawatakuwa nawe siku hiyo.

Halafu kompyuta waiacha au wabeba? Dadako ashaniambia ati ameachiwa joistiki, mimi sijui mumekubaliana nini. Kama waiacha nionyeshe namna ya kuizima vizuri, siku ile niliichomoa ukutani ukanuna siku mbili. Stima nayo imekuwa kali, tokeni za mia tano hazimalizi wiki tangu uanze zile safari za saa nne, sitaki kukulaumu siku za mwisho lakini tokeni ni tokeni. Tangi la juu linavuja tena pale pale, fundi amesema kesho, na kesho yake waijua. Mbuzi wa mamako amezaa wawili, mmoja dhaifu, sijamwambia kwamba huyo sidhani. Dawa yake ya presha imebaki ya siku nne na yeye asema ni ya wiki, wewe ndo akusikia, mwambie kabla hujaondoka, mimi akiniona nashika lile boksi aanza ugomvi.

Mahamri atakufungia ya Jumapili, usiyale yote kwenye treni. Tiketi ya SGR iko kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti chako cha kuzaliwa na karatasi ya daktari wa macho, usiikunje hiyo ya macho. Stesheni ni Miritini, toka mapema, foleni ya ukaguzi ni ndefu. Najua ulitaka basi kwa sababu rafiki zako wanapanda basi la usiku. Nimeshalipia treni.

Nisamehe nikirudia, ile laini. Juzi nilijaribu mwenyewe ukiwa msikitini, nilifungua kompyuta yako bila ruhusa, nikaiweka ndege futi 15,000 nikaiacha na VNAV, ile ya kompyuta kushusha ndege yenyewe, nione tu. Ilianza kupunguza kabla ya 10,000, yenyewe, pole pole, pua ikainuka kidogo, spidi ikashuka mpaka 240 ikatulia, halafu ikaendelea kushuka. Nilikaa nikiitazama mpaka adhana ikaisha. Sikujua niifanye nini baada ya hapo nikabonyeza pozi, ndo maana ulipoirudia uliikuta hewani juu ya Machakos.

Leo nafunga duka saa mbili, nitapita na tokeni. Kama stima ipo turudie ile ya Nairobi kutoka hapa Mombasa, mimi niketi kando sio nyuma, uandike 240/10000 pale niione, unisomee kwa sauti, nami nikwambie nimeona, ndo ubonyeze EXEC.

Babako