Bwana Afisa, daftari hili hufunguliwa kutoka kulia

Bwana Afisa wa Kumbukumbu,

Salamu na heshima. Barua zangu tatu nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri, basi. Hii ya nne nimeiweka wazi, na wengine wasome.

Jumatatu nilikuja tena kuulizia daftari la mirathi la mwaka 1941. Ndio mwaka aliofariki babu, shamba la Kisauni likagawanywa mbele ya kadhi. Leo yuko mtu na hati yake mpya, amezungusha mabati hadi kwenye minazi yetu, nami sina ila maneno ya marehemu mama. Karani wako, kijana mpole, alilitoa daftari, akalifungua kutoka kushoto, akapekua, akasema: "Mama, hili halina mwanzo." Nikamgeuzia. Mwanzo ulikuwepo, Bwana Afisa. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu. Ila kurasa zimegandana kama chapati zilizolala na wino umechuruzika, maana juu ya rafu kiyoyozi kinadondosha maji. Chini mmeweka ndoo, msije mkalowesha sakafu.

Labda ni bajeti. Mimi nadhani hakuna anayezisoma herufi hizo pale, mkaona ni takataka.

Kadhi Mkuu wakati ule alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Mtu wa kalamu: alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah 1932. Mwaka 1963 Kenyatta na Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakaandikiana kwamba mahakama za kadhi zitabaki, na Katiba ya 2010 ikazitaja tena, kifungu cha 170. Zimebaki, kweli. Hukumu zake ndizo zinazoliwa na maji.

Nawe mwaka jana ulituahidi mbele ya wazee kwamba madaftari yote yatapigwa picha "kufikia Ramadhani". Hukusema Ramadhani ya mwaka gani. Kosa letu, hatukuuliza.

Kiyoyozi siombi, picha siombi tena. Niruhusu nije na mjomba wangu. Ana miaka 86 na herufi hizo anazisoma bila kusita. Asubuhi moja tu, tutakuja na kiti chetu. Kesi inatajwa tarehe 12. Nataka ukurasa mmoja, Bwana Afisa, ukurasa mmoja, kabla haujagandana na mwenzake.

Wako mvumilivu,
Mjukuu wa mwenye shamba, Mombasa