Mbukwenyi wanadodoma! Krismasi njema, Mwaka Mpya mwema, na maneno kidogo kuhusu burudani zetu

Mbukwenyi, yaani habari zenu kwa Kigogo, ndugu zangu wote, wa mjini na wa kule mlimani Chimwaga kwenye Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wa Kikuyu, Makulu, Ng'hong'hona, Iyumbu, Nkuhungu, Miyuji mpaka Kisasa, na nyie mliopanda treni mkatuachia mvua yetu, salamu zinawafuata huko huko kwenu. Heri ya Krismasi kwa wanaosherehekea, na kwa ndugu zetu Waislamu ambao pilau ya Krismasi tunakula nao kama tunavyokula ya Iddi kwao, mapumziko mema, alafu sote kwa pamoja heri ya Mwaka Mpya.

Kwenye simu zenu najua picha za kengele na mishumaa zimeshajaa mpaka memori inalalamika, kwa hiyo mi sitatuma nyingine, nimeona bora niandike tu yaliyopo moyoni, na mnisamehe yakiwa marefu, mvua imenifungia ndani na umeme leo umekaa.

Mji umepungua. Mnaoishi hapa mnajua ninachosema, ukiondoa serikali mji huu ni wa vyuo, kuna UDOM na St John's ambavyo vyote vilianza 2007, kuna CBE cha biashara, kuna Chuo cha Mipango, kuna Chuo cha Madini, ukienda kidogo nje kuna Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, sasa hawa watu wote wakifunga mabegi kwa wakati mmoja unaona hata muuza chips anakaa na kuku wake anawaangalia. Zamani kidogo kuondoka kulikuwa kazi, basi la alfajiri na foleni za Morogoro, lakini tangu treni ya SGR ianze kufika hapa katikati ya 2024 mtu anamaliza mtihani wa mwisho, anaoga, jioni yupo Dar anakula samaki. Nzuri, sibishi. Ila vimbweta, yale mabenchi ya kusomea vyuoni, vimebaki vitupu na burudani zote zimeondoka nao, na hapo ndo nataka niwaambie kitu.

Mwaka huu sisi waandaaji wa burudani tumefanya mengi, tuseme ukweli. Usiku wa mashairi umefanyika na watu wamekuja, midahalo imefanyika mpaka watu wakanuniana wiki nzima, tumeonyesha filamu ukutani kwa shuka jeupe na projekta ya kuazima, maigizo, bonanza, jioni za kusoma vitabu, wale vijana wa kuchora wametoka na wenyewe safari hii. Lakini ukikaa ukaangalia yote yalifanyika lini, utaona kalenda yetu ni ya bumu, ile hela ya mkopo ya wanafunzi. Bumu likiingia matukio matatu yanagombania Jumamosi moja, ma-MC wale wale, spika zile zile, watu wale wale wanakimbia kutoka ukumbi huu kwenda ule, UE, mitihani ya mwisho, ikikaribia kimya, chuo kikifungwa kimya zaidi. Yaani sanaa ya mji mzima inaenda likizo na begi la mwanafunzi.

Na sasa hivi ndo wakati mtaa una watu! Shule zimefungwa mpaka Januari, watoto wapo wanazunguka na matairi kwenye matope, waliomaliza darasa la saba wanasubiri kuingia fomu wani, wa fomu foo wamemaliza mtihani Novemba na sasa wanalala mpaka saa nne wanaamka wanauliza kuna nini cha kula. Wazazi wengi wana siku mbili tatu za kupumzika. Ukumbi wa bure upo, ni uwanja wa shule. Kitu kilichokosekana ni sisi, tumeondoka au tumelala.

Wenyeji wa hapa, Wagogo, ngoma zao toka zamani zilikuwa na kalenda yake na ilieleweka, ilifuata shamba. Masika ni jembe, na masika ya huku yanajulikana, yanaanza Desemba yanaishia Aprili hivi, mvua yenyewe ni milimita 500 mpaka 600 tu kwa mwaka, ukichezea hiyo umelala njaa, kwa hiyo huwezi kumkuta mtu na zeze saa nne asubuhi wakati uwele haujapandwa. Mavuno yakiingia ghalani ndo shangwe inaanza. Ndo maana hata lile tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino linafanyika kiangazi, vikundi vinatoka vijijini vinakuja na zeze, marimba za mikono, filimbi, na akina mama wa muheme wameshika ngoma katikati ya magoti wanapiga mpaka unajiuliza hizo mikono zimetengenezwa na nini. Kama hujawahi kwenda basi mwakani nenda, usiniambie ni mbali, Chamwino ni hapo tu ukitoka mjini.

Hapa naomba niseme jambo moja ambalo linaniuma kidogo. Kuna wanafunzi wanakaa Dodoma miaka mitatu, wanavaa joho, wanapiga picha, wanaondoka, na hawajawahi kusikia zeze likipigwa na mtu aliyekaa mbele yao. Wanajua singeli yote. Mimi singeli naipenda, msinielewe vibaya, ila marehemu mzee Hukwe Zawose alizaliwa huku huku kwetu, akaenda akawa mwalimu Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na marimba yake, akarekodi mpaka Uingereza, amefariki 2003, na mwanafunzi wa Dodoma jina lake analisikia kwa mzungu aliyekuja kufanya utafiti. Sio kosa la mwanafunzi. Nani alimwalika mzee wa kijijini aje apige kwenye usiku wetu wa mashairi? Tunaalika msanii kutoka Dar tunamlipia nauli na hoteli, wakati mzee anatoka kilomita chache na angeridhika na nauli, chakula kizuri na heshima. (Na hela pia jamani, mpeni hela, heshima peke yake haisagishi mtama.)

Haya turudi kwenye sikukuu. Nikiambiwa nitaje burudani kubwa kuliko zote za msimu huu mtaani, sitataja tamasha la msanii yoyote, nitataja disko toto. Cheka tu. Siku ya Krismasi, Boxing Day na Mwaka Mpya, mchana jua likiwa bado kali, mtoto wa miaka sita kavaa nguo mpya na miwani ya plastiki, kashika jero (mia tano) mkononi, anaenda disko, hiyo ndo mara yake ya kwanza kulipa kiingilio kwa ajili ya muziki. Anakutana na jukwaa, DJ, mshindi wa kucheza anapewa soda. Sasa kuna watu wazima wanaoandaa hizi disko kama mtego wa hela, ukumbi hauna hewa, watoto wamejazana kama dagaa, nyimbo zinazopigwa zingine hata mimi naona aibu, na mlangoni hakuna mtu anayejua mtoto gani katoka na nani. Hapo ndo sehemu ya kuingia. Wewe uliyesoma ualimu, wewe wa sanaa za maonyesho, wewe uliyebaki geto kwa sababu nauli ya Kagera haikupatikana, nenda kaongee na mwenye ukumbi, mwambie nipe nusu saa katikati ya disko niwasimulie watoto hadithi ya sungura na fisi, waigize, washindane vitendawili, alafu muziki uendelee. Nimeona ikifanyika. Watoto walikataa kurudi kwenye muziki, DJ akabaki anafuta jasho na yeye kakaa anasikiliza. Na milango miwili iwe wazi, idadi ya watoto iwe na kikomo, haya ni mambo ya kwanza kabla ya hadithi yoyote, mzazi usimwachie mtoto mdogo aende peke yake hata kama ukumbi upo nyuma ya nyumba yenu.

Kitu kingine ni kwaya. Kama unakaa karibu na kanisa Dodoma hulali mwezi huu, na mi nasema asanteni kwa kutunyima usingizi. Tangu Novemba mazoezi kila jioni, soprano wanafokewa, besi wanachelewa, mwalimu wa kwaya anapiga meza kwa kalamu. Watu wanasema hatuna shule ya muziki mtaani, shule ya muziki ni hiyo, bure kabisa, inafundisha kusoma sol-fa, kusikilizana, kuvumilia. Makanisa ya huku yana utajiri wake maana Dayosisi ya Central Tanganyika ipo tangu 1927 na muda wote huo nyimbo za Kigogo zimekuwa zikiingia kanisani kidogo kidogo na zeze na ngoma zake, Krismasi ukienda ibada ya kijijini Mvumi au Kongwa unaweza kukuta muheme imehamia madhabahuni na bibi wa miaka sabini anacheza kuliko kijana. Kwenye kwaya hizi mwanafunzi anaimba pembeni ya mama muuza mboga wa soko la Majengo na askari na fundi gereji, na hakuna anayeuliza wewe mwaka wa ngapi. Hii kitu sisi waandaaji wa mashairi na midahalo hatujaiweza bado. Sisi tunafanya mlimani kwa ajili ya wa mlimani, au mjini kwa ajili ya wenye gari.

Maana tatizo letu lingine ni usafiri, tusidanganyane kwamba watu hawapendi sanaa. Tukio linaandikwa saa kumi na mbili jioni, linaanza saa mbili usiku kwa sababu ya saundi na kwa sababu ya sisi wenyewe, linaisha saa tano, hapo daladala za kupandisha Chimwaga zimeshapungua, bodaboda anataka bei anayotaka yeye, na dada wa watu hawezi kuondoka peke yake usiku huo. Aliyekaa mjini naye akialikwa mlimani anapiga hesabu hiyo hiyo anaamua kulala. Kwa hiyo mi pendekezo langu la mwaka mpya ni moja tu, tuanze saa tisa alasiri na tumalize saa kumi na mbili. Mchana kweupe. Mama atakuja na mtoto, mzee atakuja, mwanafunzi atarudi na daladala. Mtasema mchana hakuna vaibu, ila nendeni Nyerere Square siku ya Mwaka Mpya mchana muone umati wa watu wanapiga picha tu, hakuna hata jukwaa, vaibu inatoka wapi? Nendeni mnada wa Msalato Jumamosi muone watu wanavyokaa na nyama choma tangu asubuhi. Watu wa Dodoma ni watu wa mchana bana.

Mvua nayo isiwe kisingizio. Kiangazi tunalia upepo na vumbi, bango linapaa mpaka Ihumwa, masika tunalia matope. Veranda za shule zipo, kumbi za makanisa zipo, hata vile vibanda umiza vya mpira siku ambayo hakuna mechi vinakaa bure na vina viti na skrini tayari, mwenye kibanda ukimwahidi soda zake zitauzika anakupa funguo.

Sasa shukrani kabla umeme haujabadilisha mawazo. Mama unayetukopesha viti vya msibani kila tukio na hujawahi kutudai hata viwili vilivyovunjika, Krismasi njema mama yangu. Vijana wa bodaboda mnaosubiri watu mpaka mwisho, Mungu awatunze barabarani, na msimu huu punguzeni mwendo, lami imelowa. Walimu mliokubali wanafunzi wenu waje kuigiza hata wiki ya majaribio, tunawadai pilau. Wazee wa mtaa mnaosaini vibali bila kuzungusha, heri ya mwaka mpya. Waliofiwa mwaka huu na sikukuu hii kiti kimoja nyumbani kipo wazi, poleni sana, tutapita kuwasalimia, msijifungie ndani. Na ndugu zangu mnaopanda mbegu msimu huu, uwele, mtama, karanga, wenye zabibu mnaoomba mvua ije lakini isizidi, Mungu awasikie katikati hapo hapo.

Mtaani kwetu tumekubaliana Boxing Day kuanzia saa nane mchana watoto watakuwa uwanja wa shule, kuna kuruka kamba, vitendawili, hadithi, kuchora kwa chaki, na jioni kidogo kwaya itaimba nyimbo mbili tatu, hakuna kiingilio ila kila anayekuja aje na kitabu kimoja cha watoto hata kama kimechanika jalada, tunaanzisha boksi la vitabu la mtaa. Mvua ikinyesha tunaingia darasani, hatuahirishi. Anayejua kupiga zeze au anayemjua anayejua, tafadhali tuongee kabla ya tarehe 25. Spika tunayo moja, inakoroma kidogo, mwenye nyingine aje nayo.